Shajara ya mradi: kuifungia Corolla AE100 sensa ya oksijeni yenye hita

Ijumaa jioni. Gari na ugonjwa wake

Gari ni Toyota Corolla AE100, injini 5A-FE, lililoingia Dar es Salaam likiwa limeshatumika Japani. Mwenye gari ni shangazi yangu. Kila asubuhi analitoa Mbezi kwenda Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro, na sehemu kubwa ya safari hiyo gari linakuwa limesimama. Malalamiko yake ni yale yale tangu manifodi ya eksozi ya kiwandani ilipopasuka na fundi mmoja akamfungia ya mabomba: foleni ikikaza linanuka petroli, plagi zinaota masizi, na mafuta aliyozoea kumaliza nayo wiki sasa hayafiki Ijumaa.

"Baba, hili gari linakula kuliko wewe," aliniambia akinikabidhi funguo.

Nimelala chini yake kidogo jioni hii kwa tochi. Kwenye manifodi ya kiwandani, ile ya chuma cha kusubu, sensa ya oksijeni, ile inayonusa moshi ili injini ijue kama mafuta yamezidi au yamepungua, ilikaa juu karibu na injini, pale moshi unapotoka ukiwa wa moto kabisa. Kwenye hii ya mabomba imechomelewa chini, mabomba manne yanapokutana, mahali panapopigwa na upepo wote wa mbele. Sensa yenyewe ni ileile ya zamani yenye waya mmoja. Haina hita, joto lake lote inaliomba kwa moshi. Tayari nina fikra zangu, lakini nitapima kwanza.

Jumamosi asubuhi. Kupima kabla ya kufungua boliti

Chini ya boneti kipo kisanduku cha uchunguzi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Nimeunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikatazama taa ya cheki injini. Ikawaka mara mbili, ikapumzika, ikawaka mara moja: 21. Kwenye Toyota za zama hizo 21 ni namba ya sensa ya oksijeni. Mafundi wengi wakiiona wanaagiza sensa mpya papo hapo. Mimi naisoma hivi: kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, lilitazamia kuona volti zikipanda na kushuka, halikuziona. Kwa nini hazikuonekana, namba haisemi.

Nimeliendesha gari hadi Kibaha na kurudi ili eksozi ipate moto wa kweli. Niliporudi, mita ikawekwa: ncha nyekundu kwenye waya wa sensa, nyeusi kwenye ethi ya injini. Ni mita ya dijitali yenye ukinzani wa ndani wa megaohmu 10. Zile za mshale za bei rahisi huinyonya sensa na kuonyesha volti pungufu kuliko zilizopo, kwa kazi hii zikae kabatini. Kwenye resi 2500, yaani mizunguko 2500 ya injini kwa dakika, namba zilikuwa zinaruka vizuri: 0.2, 0.8, 0.15, 0.75. Sensa ni nzima.

Nikaliacha kwenye sailensi, injini ikizunguka bila pedeli kukanyagwa. Feni ya rejeta ikaingia, ikatoka, ikaingia tena. Mwanzo namba ziliendelea kuruka. Halafu mruko ukawa mzito, kutoka 0.6 hadi 0.3 kunachukua sekunde kadhaa. Halafu zikaganda kwenye 0.3 na kitu, hazipandi wala hazishuki. Nikapiga resi kidogo nikaishikilia, zikaamka.

Hapo ndipo foleni ya shangazi ilipo. Ndani ya sensa kuna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platini pande zote mbili. Nje kinaguswa na moshi, ndani kinaguswa na hewa safi, na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo ndiyo inayozaa volti. Mafuta yakizidi unapata karibu 0.9, hewa ikizidi karibu 0.1, na kontrol boksi hukata shauri kwenye 0.45. Lakini kauri hiyo haifanyi kazi mpaka ifikie kama nyuzi 300 za Selsiasi. Chini ya hapo ni kama haipo. Kontrol boksi likikosa habari linarudi kwenye vipimo vyake vya kukariri, na kwa injini ya umri huu, vipimo vya kukariri maana yake ni mafuta ya ziada.

Kwa hiyo sensa mpya ya waya mmoja ingekuwa kutupa hela. Ingesinzia palepale. Ama tutafute manifodi ya chuma cha kusubu, ambayo kwa bei ninazoambiwa shangazi hatakubali, ama sensa ipate moto wake yenyewe. Si wazo jipya. Bosch ilianza kutengeneza sensa hizi mwaka 1976 kwa ajili ya Volvo za 240 na 260, zikiwa na waya mmoja kama hii, na mwaka 1982 ikatoa yenye hita.

Jumamosi mchana. Kariakoo, na sensa zinazofanana

Hapa ndipo nataka msomaji anayetaka kufanya kazi hii asimame na asome polepole, kwa sababu kosa linafanyika dukani kabla ya gari kuguswa.

Sensa zenye hita zinakuja na waya tatu au nne. Tatu: mbili za hita, moja ya mawimbi, yaani inayopeleka volti za sensa kwenye kontrol boksi, na ethi ya mawimbi inapatikana kupitia chuma cha sensa. Nne: hita mbili, mawimbi, na ethi ya mawimbi ina waya wake. Nilitaka ya nne, sababu nitaieleza nikifika kwenye waya.

Kijana wa duka aliniwekea juu ya kaunta mbili zilizotoka kwenye Toyota za miaka ya 2000. Zote waya nne, zote Denso, zote uzi wa M18 kwa 1.5, na kwa macho hutazitofautisha.

"Chagua yoyote bosi wangu, waya nne ni waya nne."

"Naomba nizipime kwanza, kaka."

"Pima tu, hapa hakuna mchezo."

Nikaweka mita kwenye waya mbili nyeusi, ambazo kwa Denso ndizo za hita. Ya kwanza ikasoma ohmu 2.4. Ya pili ikasoma 13. Ile ya 2.4 nikamrudishia. Toyota nyingi za kuanzia miaka hiyo, sensa ya mbele ya masega ya eksozi, yale ya kusafisha moshi, si sensa ya oksijeni ya kawaida. Ni ya kupima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana, inafanya kazi kwa mkondo wa umeme na inataka kontrol boksi linalojua kuisimamia. Ukiifunga kwenye AE100, kontrol boksi halitaona 0.1 wala 0.9, utabaki na 21 yako na hela imekwenda. Hita yake ina ukinzani mdogo, ohmu chache. Sensa ya kawaida ya Toyota yenye hita, ile inayokaa nyuma ya masega kwenye magari hayo, hita yake ikiwa baridi husoma kati ya 11 na 16. Mita ya bei ya chakula cha mchana inakuonyesha tofauti hiyo palepale kaunta.

Ya pili nayo sikuinunua, maana ilikuwa ya mtumba na ncha yake ilikuwa na weupe wa unga niliouhisi ni silikoni. Nikamwomba mpya ya aina hiyohiyo. Ikapimwa: nyeusi kwa nyeusi 12.8. Bluu kwa nyeusi, hakuna mawasiliano. Bluu kwa chuma cha sensa, hakuna. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa ikiwa baridi.

Kuhusu rangi. Denso: nyeusi mbili ni hita, bluu ni mawimbi, nyeupe ni ethi ya mawimbi. Bosch: nyeupe mbili ni hita, nyeusi ni mawimbi, kijivu ni ethi ya mawimbi. Angalia hiyo nyeusi. Kwa mmoja inabeba volti 12 za hita, kwa mwingine inakwenda moja kwa moja kwenye tundu la kontrol boksi ambalo halijawahi kuona zaidi ya volti moja. Fundi aliyezoea Bosch akishika Denso bila mita, anaweza kulipelekea kontrol boksi umeme wa betri. Rangi nazisoma, lakini ninayoiamini ni mita.

Na neno moja kwa wenye Carina za injini ya 4A-FE ya kuchoma mafuta hafifu: sensa yenu ni ya aina nyingine, na haya ninayoandika hapa hayawahusu.

Kijana wa duka aliuliza kwa nini nahangaika hivyo wakati watu wanakata tu ule waya na gari linakwenda. Ni kweli linakwenda. Mazoea hayo nadhani yalianza enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006 baada ya azimio la Dakar la 2001. Risasi iliipaka platini na sensa ikafa mapema, kwa hiyo kuikata ilikuwa akili. Petroli ikabadilika, mkasi ukabaki.

Jumapili asubuhi. Upande wa chuma

Fupi. Sensa ya zamani imetoka na eksozi ikiwa vuguvugu, kwa spana ya sensa yenye mkato pembeni. Uzi wa tundu ulikuwa na kutu, nimeusafisha kwa tepu ya kukatia uzi ya M18 kwa 1.5. Bahati nzuri aliyechomelea tundu aliliinamisha. Sensa inakaa ikiwa imeelekeza ncha chini, zaidi ya nyuzi 10 juu ya ulalo. Ingelala au kutazama juu, maji ya asubuhi kwenye eksozi yangeingia ndani yake, na kauri iliyopashwa na hita haipendi tone la maji.

Kabla ya kuifunga nilizungusha maji ya sabuni kwenye gasketi ya manifodi huku mwenzangu akipuliza hewa ya kompresa kutoka nyuma ya eksozi. Povu likatoka kwenye silinda ya kwanza. Hili lisingepuuzwa: kila mshindo wa moshi ukishapita, pale penye ufa hewa ya nje inanyonywa, sensa inaona oksijeni nyingi, inasema mafuta hayatoshi, na kontrol boksi linaongeza. Huo nao ni mlango wa harufu ya petroli. Gasketi mpya imefungwa kavu. Silikoni nyekundu aliyoipaka fundi wa mwanzo nimeikwangua yote, mvuke wake ni sumu kwa sensa.

Sensa mpya imefungwa na pete yake, grisi ya uzi ikiwa kwenye uzi peke yake bila kugusa ncha, ikakazwa nyutoni-mita 40.

Jumapili mchana. Umeme wa hita

Hita ya ohmu 12.8 kwa volti 14 inavuta ampea moja na kidogo ikiwa baridi, na inapopata moto ukinzani unapanda na mkondo unapungua. Si mzigo. Swali gumu ni lini iwake.

Njia rahisi ni kuuchukua kwenye waya wowote unaopata umeme swichi ikiwa ON. Siipendi. Shangazi anaweza kukaa nusu saa nje ya shule ya mjukuu wake, swichi iko ON, injini imezimwa, kioo kinashuka na kupanda. Hita ingechemsha sensa bure huku ikila betri. Nilitaka iwake injini ikizunguka tu. Toyota imeshatupa jibu: pampu ya mafuta. Kontrol boksi linaruhusu pampu pale tu linapoona injini inazunguka, na waya wa pampu una tawi linalofika hadi kwenye kisanduku cha uchunguzi, tundu la Fp. Nimepima: swichi ON, sifuri. Injini imewashwa, 13.9. Imezimwa, sifuri tena baada ya muda mfupi.

Lakini sikuupa waya wa pampu mzigo wa hita. Ni waya wa miaka thelathini, na volti zinazopotea humo ni shinikizo linalopotea kwenye nozeli za kunyunyizia mafuta. Nimeutumia kuamsha rilei tu, ile swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Namba hizi ni za miguu yake:

86 inatoka kwenye waya wa Fp, nyuma ya kisanduku.
85 inakwenda ethi ya bodi.
30 inatoka kwenye chanya ya betri, ikipitia fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu kabisa na betri.
87 inakwenda kwenye waya mweusi mmoja wa hita.

Waya mweusi wa pili wa hita unakwenda ethi ya injini. Hita haina chanya wala hasi, upande wowote ni sawa. Waya niliotumia ni wa milimita moja ya mraba, unaostahimili joto, ndani ya soksi ya nyuzi za kioo pale unapopita karibu na mabomba. Rilei ni ile ya kawaida ya taa, imefungwa pembeni mwa betri, miguu ikitazama chini ili maji yasikae.

Nikawasha. Kwenye soketi ya hita mita inasoma 13.5 wakati betri ina 13.9. Naridhika.

Jumapili jioni. Waya wa mawimbi, na hoja ya solda

Waya wa kiwandani unaotoka kwenye sensa kwenda tundu la OX1 la kontrol boksi umezungushiwa wavu wa chuma wa kuukinga na kelele za koili na plagi. Sijaukata. Nimechukua soketi ya sensa ya zamani pamoja na kipande cha waya wake, nikakiunga na waya wa bluu wa sensa mpya. Siku yoyote mtu akitaka kurudisha sensa ya waya mmoja, anachomoa na kuchomeka.

Ethi ya mawimbi, ule waya mweupe, ndiyo sababu ya kutaka waya nne. Sensa ya waya mmoja ethi yake ni chuma cha eksozi, na chuma cha eksozi cha gari hili kina gasketi, kutu na rangi ya fedha kila kwenye kiungo. Nimepima volti kati ya bomba la eksozi na boliti ya ethi ya kontrol boksi kwenye injini, taa zikiwa zimewashwa na feni inazunguka: 0.04 hadi 0.06, inachezacheza. Kwa taa ya breki hiyo si kitu. Kwa chombo ambacho habari zake zote ziko kati ya 0.1 na 0.9, na kinakata shauri katikati, huo ni uwongo mdogo unaosemwa mchana kutwa. Waya mweupe umekwenda moja kwa moja kwenye boliti ileile ya ethi ya kontrol boksi, upande wa inteki inakoingilia hewa, chuma kikiwa kimekwanguliwa hadi kung'aa.

Sasa kuunga. Jirani yangu ni fundi umeme wa magari, mtu mzima, amefunga dainamo kabla sijazaliwa. Alikuja na kikombe chake cha kahawa, akanikuta nimeshika koleo la kubania.

"Kijana, kubana ni kazi ya aliyeshindwa kulehemu."

"Shikamoo mzee. Hii naibana kwa makusudi."

"Marahaba. Kwa makusudi gani?"

Nikamweleza. Kile kikombe cha kauri kinahitaji hewa safi upande wa ndani ili kuilinganisha na moshi. Kwenye sensa nyingi hewa hiyo haina tundu. Inaingia kidogo kidogo kati ya nyuzi za waya, ndani ya ganda la waya wenyewe. Ukiilehemu, risasi inayeyuka na kupanda kati ya nyuzi, inaziba njia. Sensa inaanza kukosa pumzi na volti zinashuka taratibu. Alinitazama kama mtu anayeuziwa dawa ya mapenzi.

"Waya unapumua?"

Sikubishana. Nikampa kipande cha waya kilichobaki kwenye sensa ya zamani pamoja na chuma chake cha kulehemu. Akakichuna kwa kucha na wembe, nyuzi zikatoka za rangi ya kijivu kizito, ngumu, zinarudi kama springi ukizikunja. Hazikuwa na wekundu wa shaba. Akaweka chuma cha moto, akaweka solda. Solda ikajikunja ikawa kidonge, ikateleza ikaanguka kwenye kiatu chake. Akaongeza mafuta ya kulehemu, ikawa vilevile.

"Chuma cha pua," akasema, akaketi.

Basi tumebana wote. Viungio vya kubana visivyo na plastiki, vya kipimo cha waya, koleo lenye meno mawili ya kubania na si plaizi, kisha nikavuta kila kimoja kwa mkono. Juu yake kipira cha kunywea kwa moto, kile kisicho na gundi ndani. Chenye gundi kingeziba ile njia ya hewa tunayoilinda. Kwa sababu hiyohiyo hakuna grisi kwenye soketi ya mawimbi. Na kwa kuwa kiungo hakijazibwa maji, nimekipandisha hadi karibu na ukuta wa kati ya injini na chumba cha abiria, juu, penye kivuli cha kifuniko cha inteki. Mzee alipendekeza niviachanishe viungo, kimoja hapa kingine sentimita tano mbele, ili bluu na nyeusi zisije zikagusana kipira kikiungua. Ushauri mzuri, nimeufuata.

Jumatatu. Majaribio

Nimechomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kontrol boksi lisahau ya nyuma. Injini baridi, imelala usiku. Mita kwenye mawimbi. Nimewasha na kuliacha kwenye sailensi bila kugusa pedeli. Dakika haikuisha, mita ikaanza kupanda, ikafika 0.8 na kukaa hapo. Ni sawa kabisa: injini baridi hupewa mafuta mengi na sensa inaripoti hivyo. Maji yalipopata moto kidogo, mruko ukaanza. 0.2, 0.7, 0.15, 0.8.

Nikangoja feni iingie na kutoka mara kadhaa, gari palepale, kwa muda mrefu kuliko ule uliolilaza asubuhi ya Jumamosi. Namba hazikulegea.

Jaribio nililotaka kuliona zaidi: injini ikiwa bado kwenye sailensi, nikachomoa fyuzi ya ampea 5. Hita imezimika, vingine vyote vipo vilevile. Mruko ukaendelea, ukawa mzito, ukaganda kwenye 0.4. Injini ikabadilika sauti, ikawa nzito kidogo, na nyuma ya gari ile harufu ikarudi. Nikarudisha fyuzi. Muda mfupi baadaye namba zikaanza kuruka tena na sailensi ikatulia. Mzee aliomba nirudie, akashika kitambaa mdomo wa eksozi, akanusa, akatikisa kichwa.

Kisha vya kawaida. Nimechomoa mpira wa vakyumu: volti zikaanguka hadi 0.1. Nimeubana na kupuliza gesi kidogo ya kiberiti kwenye inteki: zikapanda hadi 0.85. Halafu kipimo cha Toyota chenyewe: resi 2500 kwa dakika mbili, TE1 na E1 zimeunganishwa, mita ya mshale kati ya tundu la VF1 na la E1 kwenye kisanduku kilekile. Hapa ndipo mita ya mshale inapopata kazi, macho yanahesabu vizuri zaidi. Mshale unatakiwa ucheze angalau mara 8 kwa sekunde 10. Ulipita nane bila wasiwasi. Mwisho, injini imezimwa, swichi ON, taa ya cheki injini inapepesa mfululizo bila kupumzika, ambayo ndiyo lugha yake ya kusema hakuna namba iliyohifadhiwa.

Nimeandika "HITA YA SENSA 5A" kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko cha fyuzi, na mchoro wa waya nne pamoja na rangi zake nimeuweka kwenye kasha la dashibodi ndani ya mfuko wa plastiki. Fundi atakayefungua boneti hii baada yangu akikutana na rilei isiyo ya kiwandani, nisingependa aanze kukisia.

Jumamosi iliyofuata. Plagi

Shangazi amelitumia wiki nzima. Harufu foleni anasema hakuna. Nimezitoa plagi: ya 1, ya 2 na ya 4 zimeanza kuwa na rangi ya kahawia hafifu kwenye kauri. Ya 3 bado ina masizi makavu, machache kuliko zamani lakini yapo.

Hilo haliwezi kuwa la sensa. Sensa ni moja, imekaa pale mabomba manne yanapokutana, inasoma mchanganyiko wa silinda zote. Nozeli ya 3 ikivujisha, kontrol boksi litazinyima kidogo nyingine tatu ili jumla itoke sawa, na mita itaendelea kuruka vizuri kabisa. Wiki ijayo nabadilishana nozeli ya 3 na ya 2. Masizi yakihamia silinda ya 2, nozeli zote nne zinakwenda kusafishwa na kupimwa mtiririko. Yakibaki ya 3, nitapima kompresheni na waya wa plagi wa silinda hiyo.